Kofia ya Kiti cha Tisa

Leona Pelkey alikuwa na kazi mbili maishani, moja ya mshahara na moja ya heshima, na zote mbili zilimtoka. Ya mshahara ilikuwa kuwapikia watoto wa shule ya msingi ya Corliss chakula cha mchana. Aliifanya miaka thelathini na mmoja, mpaka wakubwa walipoamua chakula kije kimeshapikwa, ndani ya lori, kutoka mji mwingine. Ya heshima ilikuwa kuinua kofia.

Uwanja wa besiboli wa Corliss unatazama magharibi. Hakuna mtu mwenye akili anayejenga uwanja wa besiboli namna hiyo, kwa sababu mpigaji atasimama na jua la jioni machoni huku mwenzake akimrushia mpira mgumu kama jiwe, kwa mwendo wa gari la barabara kuu. Lakini huu ulijengwa mwaka 1919 na mwenye kiwanda cha nguo, na kiwanda chenyewe kilikuwa magharibi, ng'ambo ya mto: orofa sita za matofali mekundu, na dohani juu yake. Watu wa Corliss husema bwana yule aliligeuza jukwaa makusudi, ili wafumaji wake hata siku ya mapumziko wakae wakikitazama kiwanda na wasisahau ni nani anayewalisha. Huenda ni uzushi. Leona aliuamini, na baba yake aliuamini kabla yake. Timu iliitwa Wafumaji.

Kwa nusu karne kosa hilo halikumdhuru mtu. Jua liliposhuka lilishukia nyuma ya kiwanda, na uwanja mzima ukaingia kivulini mapema. Kisha kiwanda kikahamia kusini, ambako walipatikana watu wa kufuma kwa ujira mdogo zaidi, na mwaka 1971 jengo likabomolewa. Watu wakagawana matofali. Njia ya bustani ya Leona, kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye kamba ya kuanikia nguo, imejengwa kwa matofali hayo. Mwezi Juni uliofuata, saa mbili kasoro robo ya jioni, jua likapita pale palipokuwa na kiwanda na kumwingia mpigaji machoni moja kwa moja.

Mwamuzi akasimamisha mchezo. Akageuka, akamwona mtu wa karibu zaidi nyuma ya wavu, akamwomba amwambie pindi atakapoweza kuutazama ukuta wa mbali bila kukunja uso. Mtu huyo alikuwa Armand Pelkey, baba yake Leona, mfumaji aliyebaki bila kazi, ameketi kiti cha tisa cha safu ya mbele. Armand akangoja dakika kumi na nane, mpaka jua likazama nyuma ya kilima cha ng'ambo. Kisha akavua kofia yake ya sufu, akaiinua juu ya kichwa, na mchezo ukaendelea. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Hakuna aliyeliandika jambo hilo popote, lakini tangu jioni ile hakuna mwamuzi aliyeanzisha tena mchezo Corliss kabla ya kuangalia kiti cha tisa.

Nje ya Corliss hilo lilikuwa kichekesho. Timu ngeni ziliteremka kwenye mabasi yao zikicheka: uwanja gani huu, mbao zinalia, vyoo vimejengwa kwa ajili ya farasi, na kila siku isiyo na mawingu mnalingoja jua likalale. Watu wa Corliss walikuwa wanakipenda kicheko hicho. Wakati wa kulingoja jua ndipo walipokwenda kununua bia na soseji, ndipo walipopata habari za ndoa na misiba, na ndipo Stan Kozlik, tarishi mstaafu mwenye sauti ya honi ya treni, alipowasemesha waamuzi. Alikuwa na wimbo mmoja aliourudia kila kiangazi. Alisimama, bia mkononi, akasema kwa upole kama anayetoa ushauri: "Mwamuzi, kaka yangu, mpe Leona kazi yako. Yeye angalau anaona."

Na watu wote walicheka, na Leona, kofia ya baba yake mapajani, alicheka nao.

Armand alikufa mwaka 1988. Kofia ilimwangukia Leona kwa sababu mdogo wake, Normand, ambaye wote walimwita Norm, alikuwa mtunza uwanja na hakuweza kukaa na kumwagilia udongo kwa wakati mmoja. Miaka ishirini na sita alilitazama jua likizama, jioni baada ya jioni ya mchezo, Mei mpaka Septemba. Hakuvaa miwani ya jua. Baba yake hakuvaa, naye alisema kwamba kuvaa miwani ni udanganyifu: mpigaji hana, basi na yeye asiwe nayo.

Mimi nilipanga chumba cha juu nyumbani kwake miaka sita, na nadhani nilichelewa kutambua kuliko nilivyopaswa. Alikuwa akinitambua kwa hatua zangu kwenye ngazi. Alikuwa ameacha kushona. Gazeti alilikunjua mezani kila asubuhi na kulikunja tena, akaniuliza wamesema nini leo, kama mtu anayetaka tu mazungumzo. Baadaye ndipo nilipojua kwamba alishapanda basi akaenda kwa daktari wa macho mji wa tatu kutoka hapo, ambako hakuna aliyemjua, akaambiwa kwamba katikati ya macho yote mawili kuna doa, kwamba litapanuka, kwamba kingo zitabaki. Daktari alimwuliza kama amewahi kufanya kazi ya kuchomea vyuma. Alijibu kwamba yeye ni mpishi.

Aliyemgundua kwanza ni Yeison.

Wachezaji wa ligi ndogo hawapati cha kupangia nyumba, kwa hiyo kila kiangazi familia za mji huwachukua. Leona aliwahi kuwa nao kumi na wanne, mmoja kila mwaka. Wawili walifika ligi kuu, akawa anawasikiliza redioni. Yeison Almonte alikuja mwezi Mei, miaka ishirini, kutoka mji wa miwa kule Jamhuri ya Dominika, na siku ya kwanza akaomba ruhusa ya kukaanga ndizi mbichi. Leona hakuwahi kuona mtu akikaanga ndizi. Alikaa kwenye kiti cha jikoni akasikiliza mafuta. Baada ya wiki mbili nyumba nzima ilinuka ndizi na maharagwe ambayo Leona aliyapika kila Jumamosi, na kijana akawa anamwita Mama Leo.

Jioni moja nilikuwa nimeshika mlango wa jikoni nikiingia, nikamkuta Yeison amesimama mbele ya Leona, ameinua vidole vitatu hewani.

"Ngapi, Mama?"

"Usinichezee, nina kazi."

"Ngapi?"

Leona akaendelea kumenya kiazi. "Unanuka jasho," akasema. "Nenda kaoge."

Yeison akateremsha mkono. Akavuta kiti, akamwambia polepole, kwa maneno machache aliyokuwa nayo ya lugha ya pale, kwamba kaka Norm anaweza kuinua kofia, mtu yeyote anaweza kuinua kofia. Leona akamweleza namna anavyofanya. Halihitaji macho, alisema. Jua lina mkono, na mkono huo huuweka kwenye mashavu yako. Linapozama nyuma ya kilima huuondoa wote mara moja, na hapo unainua. Alikuwa amefanya hivyo misimu miwili bila kukosea hata mara moja. Kisha akatuapisha tusimwambie mtu, Yeison na mimi, juu ya meza ile yenye maganda ya viazi. Tuliapa. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini ilikuwa rahisi vile.

Sababu yake ya kuapisha ilikuwa Craig Dillard. Dillard alikuwa ameinunua timu miaka minne nyuma, mtu mchangamfu, mwenye kushika bega lako anapokuongelesha. Kila majira ya baridi zilivuma habari kwamba atawahamisha Wafumaji, na kila Aprili alisema yeye ni mtu wa Corliss mpaka kaburini. Msimu ule habari zilizidi. Ligi ilitaka taa mpya, vyumba vipya, viti vya plastiki, na uwanja usiolingoja jua. Mwezi Juni Dillard alikuja mwenyewe nyumbani, akala pai ya nyama ya nguruwe ya Leona vipande viwili, akasema wakubwa wa ligi watakuja Ijumaa ya mwisho wa mwezi kuamua.

"Taa hawajali, Leona. Wanajua taa ni mbovu," alisema. "Wanakuja kuiona kofia. Wakiona jinsi watu wanavyoipenda, watatuacha. Wewe ndiye unayeubeba uwanja huu."

Leona aliniambia baadaye kwamba alikuwa karibu kumwambia. Alikuwa ameshafungua mdomo. Halafu Dillard akamshika bega.

Ijumaa ile jukwaa lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Watu walileta mashuka waliyoyaandika TUNANGOJA JUA. Norm alikuwa ameupiga udongo maji mara tatu, ukawa na rangi ya chai. Wakubwa wa ligi walikuwa watatu, mashati meupe, wamekaa karibu na Dillard upande wa kulia, na mimi nilikuwa safu mbili nyuma ya Leona. Mwamuzi alikuwa kijana, mara yake ya kwanza Corliss. Kabla ya mchezo walimpeleka kiti cha tisa, akamwamkia Leona kwa adabu, akaambiwa na watu kumi kwa pamoja kwamba hapa anafuata kofia na si kingine.

Saa mbili kasoro dakika kumi na mbili mwamuzi alinyoosha mikono, mchezo ukasimama, watu wakashangilia kusimama kwake. Ilikuwa zamu ya Yeison kupiga. Alirudi pembeni, akaegemea gongo lake. Stan Kozlik akasimama na kutoa ushauri wake wa kila mwaka, na mmoja wa wale wakubwa akacheka sana mpaka akajifuta macho, na Dillard akamwonyesha Leona dole gumba.

Jua lilikuwa bado juu ya kilima, kama upana wa mkono. Kulikuwa na wingu moja tu angani, dogo, zito, chafu kidogo kwa chini kama sufu ambayo haijaoshwa. Nililiona likisogea. Kila mtu aliyekuwa pale angeweza kuliona, lakini watu wa Corliss walikuwa wamekaa miaka arobaini na zaidi bila kuliangalia jua wenyewe. Walimwangalia Pelkey. Wingu likalifunika jua, uwanja ukawa wa kijivu, hewa ikapoa. Leona alikaa kitambo, uso mbele, kidevu juu. Kisha akavua kofia, akaiinua.

Makofi yalikuwa makubwa kuliko yote niliyowahi kuyasikia pale. Kofia ilikuwa imeinuliwa dakika saba hivi kabla ya wakati wake wa kawaida, na niliona Norm, kando ya uwanja na mpira wake wa maji, akinyanyuka nusu kwenye ndoo aliyokalia, akaangalia kilima, akamwangalia dada yake, akakaa tena.

Mwamuzi akavaa barakoa yake, akamwita mpigaji.

Yeison alitembea taratibu. Mpigaji ana haki ya kuinua mkono na kuomba muda. Hufanya hivyo hata akiingiwa na mdudu jichoni, na hakuna anayemlaumu. Alifika pale anaposimama mpigaji, akakanyaga udongo, akaangalia juu, upande wa kilima. Akageuza shingo akaangalia kiti cha tisa, ambako Leona alikuwa ameirudisha kofia mapajani na alikuwa akitabasamu upande wake, pembeni kidogo ya alipokuwa. Mkono wake wa kushoto uliachia gongo. Nikadhani anauinua. Alisawazisha tu kofia ngumu kichwani, akashika gongo tena, akakaa tayari.

Mrushaji alipokuwa katikati ya kurusha, wingu likapita.

Watu husema walisikia mlio. Mimi nakumbuka kwamba Leona hakusikia kitu cha kumtia hofu, kwa sababu mlio wa mpira kwenye mfupa wa shavu haupishani sana na wa mpira kwenye gongo, na kwa muda mfupi, huku watu wote wakinyamaza, alikuwa akipiga makofi peke yake. Kisha akahisi jua usoni. Aligusa shavu lake kwa vidole. Akaiangusha kofia.

Madaktari waliurekebisha mfupa. Jicho la kushoto hawakuweza. Katika korido ya hospitali Norm alimwuliza Leona.

"Dada, ulikuwa unaona?"

"Hapana."

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

Norm akatikisa kichwa, akaenda kusimama dirishani. Ndugu hao waliendelea kula pamoja kila Jumapili, lakini sikumsikia tena akimtania.

Leona hakutaka kusubiri kuulizwa. Siku ya tatu alimwita Dillard akamwambia yote: doa, basi, daktari, mkono wa jua. Alidhani akichukua lawama, uwanja utasalimika. Watasema ni kosa la mwanamke mmoja mzee, wataweka mtu mwingine kwenye kiti. Dillard alimsikiliza akiwa amemshika bega. Jioni ileile alisimama mbele ya kamera, uso wa msiba, akasema kwamba katika uwanja ule usalama wa vijana ulikuwa mikononi mwa mtu asiyeona, kwamba moyo wake umevunjika, na kwamba baada ya hapo hakuna anayeweza kumlaumu kwa kuipeleka timu mahali salama. Wafumaji walimaliza msimu ugenini. Mahali salama palikuwa kando ya barabara kuu, mwendo wa saa mbili, viti vya plastiki, jua nyuma ya jukwaa.

Corliss ilitafuta wa kumchukia, na Dillard alikuwa ameshaondoka. Stan Kozlik, aliyemtania kwa upendo miaka ishirini na sita, alianza kuvuka barabara anapomwona. Leona hakujua, kwa sababu hakuweza kumwona, na ilinilazimu kunyamaza. Asubuhi moja tulikuta miwani ya jua ya mtoto, ya rangi ya waridi, imening'inizwa kwenye sanduku lake la barua. Niliitupa. Kesho yake ilikuwapo nyingine. Aliigusa yeye mwenyewe alipokuwa akitoa barua, akaishikashika mpaka akaelewa ni nini, akaiingiza jikoni, akaitia kwenye droo ya visu. Sijui kwa nini aliiweka.

Yeison alirudi kwao Agosti. Alipiga simu mwezi Januari, theluji ikiwa mpaka kwenye dirisha. Leona aliweka simu iwe na sauti ya wazi kwa sababu alikuwa akikanda unga. Kijana alisema alikuwa amepata kazi ya kupima mizigo kwenye ghala la sukari. Jicho moja linatosha kusoma mizani. Aliuliza habari za maharagwe. Leona akamkatiza.

"Yeison. Ulijua ni wingu?"

"Nililiona, Mama."

"Mbona hukuinua mkono?"

"Ningeinua mkono, watu wote wangekuangalia wewe," alisema. "Na wale wazee wa mashati meupe. Uwanja ungekwenda."

"Umekwenda hata hivyo."

"Ndiyo. Lakini hukuupoteza wewe, Mama. Ilikuwa mpira tu."

Alisema hivyo kama mtu anayempa mwenzake kitu alichokitunza vizuri. Leona alimshukuru, akamwambia avae kofia kwenye jua. Simu ilipokatika aliendelea kukanda unga ule mpaka ukawa mgumu usiofaa, akautupa. Akaniambia kwamba katika maisha yake yote watu wamemtendea ubaya wa kila aina na ameumudu, lakini wema wa yule mtoto hajui auweke wapi.

Mwezi Machi gazeti la mji lilitoa habari ndefu. Mwandishi alikuwa amechimba karatasi za ule mji wa barabara kuu. Norm alilileta mwenyewe, Jumapili baada ya kanisa, akaliweka mezani mbele yangu, akasema soma, asikie. Alitaka sana asikie. Nadhani alifikiri ni dawa. Nikasoma. Craig Dillard alikuwa ametia sahihi mkataba wa uwanja mpya mwezi Februari mwaka uliotangulia. Wale watu watatu wa mashati meupe hawakuwa wamekuja kuamua jambo lolote. Walikuwa wageni wake, amewaalika kutazama mchezo. Alitaka viti vya Corliss vijae mpaka Septemba, na watu wasiojua ni watu wanaokuja.

"Februari tarehe ngapi?" Leona aliuliza.

"Kumi na moja."

"Na Yeison alifika Mei."

"Mei."

Norm akaegemea mbele. "Unaona sasa, dada? Hukuupoteza wewe. Ulikuwa umeshauzwa. Hata ungekaa nyumbani siku ile, ungekwenda tu."

"Nimesikia," alisema Leona. "Hata ningekaa nyumbani."

Norm akavaa koti lake akaenda, akionekana mwepesi kidogo kuliko alivyoingia. Leona alibaki amekaa, mikono juu ya meza, uso ameuelekeza dirishani, pembeni kidogo ya lilipo. Nikamwambia kwamba nitampigia Yeison. Nilifikiri ana haki ya kujua kwamba si kosa la yeyote kati yao, kwamba walidanganywa wote wawili na mtu mmoja.

Akanyoosha mkono, akapapasa gazeti mpaka akalipata, akalivuta kwake.

"Usimwambie," alisema. "Hivi sasa anadhani lile jicho lilikwenda kwa ajili ya kitu."

Akalikunja gazeti mara mbili, mara nne, akaliingiza kwenye droo ya visu.